Kilebu Asisubiri Kampeni Ijayo

Kisiwani Unguja familia nyingi hazifugi mbwa, na kwa sababu hiyo wapo wanaoamini kuwa kichaa cha mbwa hakiwahusu. Lakini mbwa wapo: walinzi wa nyumba na mashamba, na wanaozurura majalalani. Mtoto wa Mji Mkongwe aendapo shamba kumtembelea bibi yake huweza kukutana na kilebu, yaani mtoto wa mbwa, na kilebu huvutia kuchezewa.

Je, kilebu achanjwe lini? Maelekezo ya watengenezaji wengi wa chanjo hutaja umri wa miezi 3, kwa kuwa kingamwili alizorithi kwa mama yake huweza kupunguza nguvu ya chanjo. Chanjo hurudiwa afikapo mwaka mmoja, kisha kwa kadiri daktari wa mifugo atakavyoelekeza.

Hata hivyo, umri huo usiwe sababu ya kuwaacha vilebu nyumbani siku ya kampeni. Shirika la Afya Duniani huelekeza kwamba, penye ugonjwa huu, wachanjwe mbwa wote, wakiwamo walio chini ya miezi 3. Anayeachwa leo huenda akakaa mwaka mzima bila kinga, akiumwa na wakubwa na akiwauma watoto. Aliyechanjwa mapema arudiwe baadaye.

Lengo ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Pemba ni ushahidi wa karibu: kampeni za chanjo zilikata maambukizi mwaka 2014, mwaka 2016 virusi viliingia tena kutoka nje ya kisiwa na kuzua mlipuko, uliozimwa mwaka 2018 kwa chanjo za kurudia. Kinga ikilegea, ugonjwa hurudi.

Kwa mhudumu wa afya, jino la kilebu ni jino la mbwa. Jeraha, hata mkwaruzo, lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, na chanjo ianze siku hiyohiyo. Ujauzito na utoto si vizuizi. Dalili zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufa.

Jambo moja lahitaji busara. Katika madhehebu ya Shafi, yaliyoenea Zanzibar, mate ya mbwa ni najisi, na hutwahirishwa kwa kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa kuogopa kukaripiwa, mtoto aweza kuficha kwamba alimshika mbwa. Mzazi aulize kwa upole. Na jeraha lenyewe lisitiwe udongo, kwani huweza kuleta pepopunda. Lianze kwa sabuni na maji.

Siku ya kampeni, basi, mwenye mbwa amlete mama pamoja na wanawe wote, hata aliyezaliwa mwezi uliopita.