Mtoto SS na Chanjo ya Mafua

Mtoto mwenye selimundu, mtoto SS kama tunavyosema Lubumbashi, hupoteza kazi ya wengu wake mapema, mara nyingi kabla ya kufika miaka mitano. Wengu ndio unaochuja vijidudu katika damu. Mafua ambayo mwenzake anayamaliza kwa siku chache, kwake yanaweza kushuka kifuani: mapafu yanavimba, oksijeni inapungua, chembe nyekundu zinazidi kujipinda na kuziba mishipa midogo, na kuziba huko kunapunguza oksijeni tena. Nchini Marekani, utafiti uliochapishwa 2010 ulikuta watoto SS wakilazwa kwa mafua mara 56 zaidi ya watoto wasio na ugonjwa huo.

Kongo ina chanjo ya nimonia katika PEV, programu ya taifa ya chanjo, tangu 2011. Ya mafua haimo. Mzazi anayeitaka huitafuta mwenyewe. Kungojea kampeni ya watoto wote kutawapotezea hawa wachache miaka mingi. Naona tuanze na daftari la wagonjwa SS. Mama anayetoka mtaa wa Kasungami kwa pikipiki kumleta mtoto kontrole asiambiwe arudi juma lijalo kwa ajili ya sindano. Achanjwe hapohapo, siku hiyohiyo. Kliniki za Marekani zilizofaulu kuwachanja watoto SS zilifanya hivyo, zikiongeza orodha ya majina na simu kwa mzazi.

Kalenda nayo ina uzito wake. Annexe, komini ya Kasungami inayozizunguka nyingine sita za mji wa Lubumbashi, iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba una baridi kali. Baridi peke yake huamsha maumivu ya mifupa kwa SS. Mafua yasimkute hapo bila kinga. Mtoto wa chini ya miaka tisa anayechanjwa mara ya kwanza anahitaji dozi mbili, wiki nne kati yazo, kisha wiki mbili hivi kinga ikomae. Dozi ya kwanza ikitolewa mwisho wa mwezi wa tatu, katikati ya mwezi wa tano yuko tayari. Baada ya hapo ni dozi moja kila mwaka. Umeme ukikatika, friji ya sola inayotunza chanjo za PEV kwa nyuzi 2 hadi 8 itatunza na hii.

Kichanga wa chini ya miezi sita hachanjwi. Wachanjwe mama, baba na ndugu wanaolala naye. Na mtoto SS akifikia joto la nyuzi 38.5, hata aliyechanjwa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo: bakteria ya nimonia ikiingia katika damu yake huweza kumuua kwa saa chache.