Hatifungani za kampuni: hesabu riba baada ya kodi

Mwaka 2019 Acorn, kampuni inayojenga hosteli za wanafunzi Nairobi, iliuza hatifungani ya kijani kwa riba ya asilimia 12.25. Mwaka 2021 kampuni ya bia ya EABL iliuza yake kwa kiwango hicho hicho. Kwenye tangazo riba zilifanana, mfukoni zilitofautiana.

Chukua Sh100,000 kwa kila moja. Riba ya mwaka ni Sh12,250. Mkazi wa Kenya alikatwa kodi ya zuio ya asilimia 15 kwenye riba ya EABL, akabaki na Sh10,412.50. Riba ya Acorn ilisamehewa kodi ili kuvutia fedha kwenye miradi ya mazingira, hivyo ililipwa yote. Juu ya hayo, kampuni ya udhamini ya GuarantCo ilidhamini nusu ya deni hilo la Acorn.

Anayenunua hatifungani anaikopesha kampuni. Faida ikipanda hapati gawio. Haki yake ni riba, ambayo kwa kawaida hulipwa kila miezi sita, na mtaji wake siku ya kuiva. Kwa hiyo swali la kwanza liwe uwezo wa mkopaji kulipa.

Wawekezaji wa Imperial Bank walilijua hilo kwa uchungu. Mwaka 2015 benki hiyo ilikusanya Sh2 bilioni kwa riba ya asilimia 15.5. Oktoba 13, siku hatifungani ilipotarajiwa kuanza kuuzwa Soko la Hisa la Nairobi, Benki Kuu iliiweka benki chini ya mrasimu. Aprili 2016 ikafuata Chase Bank, iliyokuwa imekusanya Sh4.8 bilioni mwaka uliotangulia. Bima ya amana humkinga mwenye akaunti, leo hadi Sh500,000. Mwenye hatifungani haimhusu.

Kabla ya kulipa, fungua waraka wa taarifa utafute mambo matatu: deni lina rehani au halina; kampuni ikianguka, nani analipwa kabla yako; na je, kampuni inaruhusiwa kulipa mapema? Fedha zikianza kuingia, tunza hati za makato ya kodi kwa ajili ya ritani yako.

Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ingewafaa wananchi kwa kudai kila tangazo lioneshe riba baada ya kodi na nafasi ya mwekezaji kwenye foleni ya wadai, kwa herufi kubwa sawa na za asilimia inayonadiwa. Mwenye akiba ndogo anastahili kuyajua hayo kabla hajatoa shilingi yake.