Kabla ya kusema "tablo nzuri": ni nani yuko ndani ya msitu?



Leo niongee kidogo juu ya tablo za aina moja ambazo nimeziona mara mingi: uso wa Mutwa kwa rangi ya mafuta, nywele zimegeuka majani, mabega yamegeuka mizizi, na nyuma yake msitu. Tunasimama, tunasema "nzuri!", tunapita. Mimi naona inafaa tuisome tablo hiyo sawa vile tunasoma kitabu.

Tuanze na rangi yenyewe. Ni unga wa rangi uliochanganywa na mafuta, mara mingi ya mbegu za kitani. Haikauki haraka, inaganda polepole kwa kuvuta oksijeni ya hewa. Hapo njo nguvu yake: mchoraji anapata muda wa kuchanganya kijani na nyekundu palepale kwenye turubai, kukwangua kwa kisu, kuacha rangi nene mpaka inashika mwangaza. Akipaka shavu bluu, si kwamba hajui rangi ya ngozi. Anaonyesha hisia.

Kila mkono unachagua namna yake. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Pilipili Mulongoy alijaza picha zake ndege, samaki na majani. Bela alipaka kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijenga watu na wanyama kwa mistari mifupi mifupi. Karakana moja, lakini macho matatu tofauti kabisa.

Basi mchoraji anayemgeuza Mutwa kuwa mti, naye amechagua. Kwa upande mmoja anasema kweli: msitu uliwapa Batwa nyama, asali, dawa, na humo wamezikwa mababu zao. Lakini kwa upande mwingine anaweza kuficha jambo. Parke ya Kahuzi-Biega, kule upande wa Bukavu, iliundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975. Maelfu ya Batwa walifukuzwa humo, na wengi wao mpaka leo wanaishi kando ya parke bila ardhi yao wenyewe. Kwenye tablo yuko ndani ya msitu. Katika maisha alitolewa.

Sheria imeanza kusogea. Tarehe 15 Julai 2022 nchi yetu ilipata sheria ya kulinda haki za watu wa asili Pigme. Mwaka 2024 ukatangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, kwamba serikali ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega. Lakini sheria inatekelezwa na watu, na kati yetu mutatoka wanasheria, waagronomu na wakubwa wa parke. Aliyezoea kumuona Mutwa kama sehemu ya miti hatashangaa kumkuta hana hati ya shamba. Mti hauombi hati, mtu anaiomba.

Kwa hiyo mukikutana na tablo kama hiyo, ulizeni: huyu mtu anatuangalia, ao ni pambo tu? Ana jina? Aliyechorwa alipata kitu? Halafu munaweza kusema ni nzuri.