UGANDA: MADHARA ASIYOYAONA MGENI

Katika msitu wa Bwindi, kusini-magharibi mwa Uganda, wageni wamekuwa wakipelekwa kuwatazama gorila wa milimani tangu mwaka 1993. Kanuni zake ni kali. Kundi moja la gorila hutazamwa na wageni wasiozidi 8 kwa siku, kwa muda wa saa moja tu. Umbali uliotakiwa ulikuwa mita 7, na mwaka 2020 ukaongezwa kuwa mita 10, pamoja na amri ya kuvaa barakoa.

Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba wastani wa umbali halisi haukufika hata mita 3. Mara nyingine gorila wenyewe ndio huwasogelea watu. Mara nyingi watu ndio husogea.

Sababu ni kwamba mgeni wa hifadhi hupima madhara kwa macho na kwa starehe yake. Takataka, kelele na msongamano huviona upesi na kuvilalamikia, kwani humharibia safari. Kumkaribia mnyama, kinyume chake, humzidishia furaha. Pumzi yake haionekani, wala haachi alama ardhini. Hata hivyo gorila huambukizwa mafua na magonjwa mengine ya binadamu. Mwaka 1996 ulizuka upele huko Bwindi, ukaua mtoto mmoja wa gorila, na wataalamu wakauhusisha na binadamu. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2018 ilionyesha gorila hao kuwa 1,000 na ushei tu katika Uganda, Rwanda na Kongo.

Jambo hili lawahusu pia wenye silaha. Mwezi Machi 1999 waasi waliivamia Bwindi na kuwaua watalii 8 wa kigeni. Tangu hapo ulinzi wa hifadhi uliimarishwa, na askari wakawa sehemu ya maisha ya msitu huo. Hatari ya mwaka 1999 ilikuja na bunduki, nayo ilionekana. Hii ya leo huja na mgeni mwenye adabu, aliyelipa ada yake, anayeomba asogee hatua moja zaidi apige picha.

Hapo ndipo nidhamu hupimwa. Mgeni hawezi kuachiwa apime mwenyewe madhara asiyoyaona. Hana budi kuzuiwa kwa upole na bila upendeleo, kwa bakshishi au bila bakshishi. Na mlinzi mwenye kikohozi hana budi kubaki kambini, kwani kanuni hiyo yamhusu yeye kwanza.