Vipindi vya Kusaka Vitu vya Kale: Uhalisia Si Ukweli

Wanafunzi wetu wa fasihi wanalifahamu vizuri neno "uhalisia". Tunapofundisha riwaya tunawaeleza kwamba uhalisia ni mtindo. Mwandishi huchagua, hupanga na kuacha mengine, ili msomaji ayaone maisha kama anavyoyajua. Hakuna mwanafunzi anayefunga safari kwenda kumtafuta mhusika wa riwaya kijijini kwake. Lakini neno hilo hilo likihamia kwenye televisheni, tukasema "vipindi vya uhalisia", somo hilo tunalisahau na kuanza kuulizana: je, ni kweli au ni uongo?

Katika makala haya tunaangalia aina moja ya vipindi hivyo, yaani vile vya kusaka vitu vya kale vinavyotengenezwa Uingereza na Marekani. Tumevichagua kwa sababu ndani yake kuna vitu vinavyoshikika na bei zinazotajwa, hivyo ni rahisi kuona mpaka kati ya jambo lililotokea na jambo lililopangwa. Jibu letu kwa ufupi ni hili: vitu vyenyewe kwa kawaida ni vya kweli, utaalamu mara nyingi ni wa kweli, lakini bahati ya kuvikuta huwa imeandaliwa.

Aina tatu za vipindi

Aina ya kwanza ni ya tathmini. Mfano maarufu ni Antiques Roadshow, kilichoanza katika BBC mwaka 1979 na kupata toleo la Marekani mwaka 1997. Watu huleta vitu vyao na mtaalamu huvieleza na kuvikadiria.

Aina ya pili ni ya mashindano. Katika Bargain Hunt, kilichoanza BBC mwaka 2000, timu mbili hupewa fedha na muda wa saa moja wanunue vitu sokoni, kisha vitu hivyo hupelekwa mnadani.

Aina ya tatu ni ya msako. Katika American Pickers, kilichoanza mwaka 2010, wanunuzi huzunguka mashambani wakichakura mabanda ya watu. Katika Storage Wars, kilichoanza mwaka huo huo, wachuuzi hugombea mnadani mali iliyoachwa katika vyumba vya kuhifadhia mizigo ambavyo kodi yake haikulipwa.

Bahati iliyoandaliwa

Tuanze na tathmini, maana ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli. Maelfu ya watu huja siku ya kurekodi, na wachache tu ndio hupelekwa mbele ya kamera. Mtaalamu akiona kitu cha kuvutia, humweleza mtayarishaji pembeni, na mwenye kitu haambiwi thamani yake mpaka kamera ianze kurekodi. Kwa hiyo mshangao tunaouona usoni mwake ni wa kweli. Kilichopangwa ni uteuzi. Wale walioambiwa kwamba birika la bibi yao halina thamani kubwa hatuwaoni, na mtazamaji hubaki akidhani kwamba kila dari lina hazina.

Katika American Pickers upangaji ni mkubwa zaidi. Picha hutuonyesha wanaume wawili ndani ya gari wakiona banda kuukuu na kubisha hodi. Lakini watayarishaji wa kipindi hutangaza mapema katika magazeti ya mikoani kwamba wanatafuta watu wenye mikusanyo mikubwa ya vitu. Na hata bila kujua hilo, mtazamaji angejiuliza: kamera iliyomrekodi mwenye nyumba akifungua mlango kutoka ndani iliingiaje?

Kesi ya mwaka 2012

Mpaka huo ulifika mahakamani. Desemba 2012 Dave Hester, mmoja wa wanunuzi wa Storage Wars, aliishtaki kampuni ya televisheni ya A&E pamoja na watayarishaji. Alidai kwamba vitu vya thamani vilikuwa vikiwekwa makusudi katika vyumba kabla ya mnada, likiwemo gari dogo lililofichwa chini ya takataka, na kwamba yeye aliondolewa kwa sababu alilalamika.

Hester aliegemea sheria ya Marekani iliyozaliwa na kashfa ya miaka ya 1950. Wakati huo washindani wa michezo ya maswali katika televisheni walipewa majibu kabla ya kipindi. Aliyejulikana kuliko wote alikuwa Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyekiri mbele ya Bunge mwaka 1959. Mwaka uliofuata sheria ilibadilishwa, ikawa kosa kuwadanganya watazamaji kwa kupanga matokeo ya shindano la maarifa, ujuzi au bahati.

Machi 2013 jaji mjini Los Angeles aliitupa sehemu ya dai iliyohusu udanganyifu, kwa hoja kwamba kipindi ni kazi inayolindwa na uhuru wa kujieleza. Dai la kuachishwa kazi lilibaki, na mwaka 2014 pande hizo mbili zikapatana nje ya mahakama. Hivyo basi, mahakama haikuamua kama vitu vilipandikizwa au la. Wanafunzi wa fasihi na wazingatie hoja ya jaji: kazi ya namna hii ina haki za kazi ya sanaa.

Thamani, bei na faida

Tuje kwenye lugha, kwa kuwa hapa ndipo watazamaji wengi hupotea. Vipindi hivi huchanganya maneno matatu ambayo Kiswahili huyatenganisha vizuri. Thamani ni makadirio. Bei ni kiasi kinachotajwa au kulipwa. Faida ni kinachobaki baada ya kutoa gharama zote.

Mwishoni mwa Storage Wars skrini huonyesha kila mnunuzi "amepata" kiasi gani. Lakini hesabu hiyo huchukua makadirio ya vitu na kutoa bei ya ununuzi. Vitu havijauzwa bado, na usafiri, kodi ya duka na siku za kusubiri mteja havimo. Hiyo ni thamani iliyovishwa nguo za faida.

Bargain Hunt hufundisha zaidi kwa sababu vitu vinauzwa kweli, na mara nyingi timu hupata hasara. Sababu ni rahisi. Washindani hununua kwa wachuuzi, ambao wameshaongeza chao, kisha huuza mnadani, mahali ambapo wachuuzi hao hao huenda kununua kwa bei ya chini. Wanatembea njia ya biashara kinyumenyume.

Makadirio nayo yanaweza kukosea bila hila yoyote. Katika Antiques Roadshow ya Marekani, jagi la udongo lenye sura za kutisha lilikadiriwa kuwa na thamani ya hadi dola 50,000, likidhaniwa kuwa na umri wa karne moja au zaidi. Kipindi kiliporushwa mwaka 2016, ikabainika kwamba lilifinyangwa na mwanafunzi wa sekondari miaka ya 1970. Makadirio mapya yakashuka hadi kati ya dola 3,000 na 5,000, na kipindi kikatangaza sahihisho hilo. Tunadhani uungwana huo wa kujisahihisha ni ushahidi mzuri kuliko kutokosea kamwe.

Imani inapogeuzwa mtaji

Kuna waliokosa uungwana huo. Katika msimu wa kwanza wa toleo la Marekani, mtu mmoja alieleza kwamba upanga wake wa vita aliukuta darini, na kwamba utotoni aliutumia kukatia matikiti. Baadaye iligundulika kwamba hadithi hiyo ilitungwa pamoja na watathmini wenyewe, wafanyabiashara wawili wa silaha za kale. Walitumia umaarufu walioupata kuaminiwa na familia zenye kumbukumbu za Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Kumbukumbu za Jenerali George Pickett zilinunuliwa kwa kizazi chake kwa chini ya dola 90,000, kisha zikauzwa kwa zaidi ya dola 800,000. Watathmini hao walikiri makosa mahakamani, na mwaka 2002 mmoja alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja. Upanga wa kutunga ulikuwa mchezo wa dakika chache. Kilichoumiza ni familia kuporwa urithi na mtu waliyemwamini kwa kuwa walimwona kwenye televisheni.

Yapo pia yasiyoonyeshwa kabisa, na hili latuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Msako wa vitu vya kale huuliza "kina thamani gani?" kabla ya kuuliza "kilitoka kwa nani?" Vigango, yaani nguzo za kumbukumbu ambazo Wamijikenda wa pwani ya Kenya huwasimikia wafu wao, viliibwa kwa wingi na kuuzwa ng'ambo kama sanaa, hadi vikaingia katika makumbusho ya Marekani. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver yalitangaza kurudisha vigango 30. Kwa mnunuzi hivyo vilikuwa vitu vya kale vilivyookotwa; kwa wenyewe ni wazee waliong'olewa.

Kwa walimu

Vipindi hivi vinafaa darasani. Tunapendekeza mwalimu achague dakika kumi tu, kisha wanafunzi wajibu kwa Kiswahili: Ni nini tulichokiona kikitokea? Ni nini tulichoambiwa tu? Kamera ilikuwa wapi, na nani aliijua siku hiyo kabla yetu? Kiasi kilichotajwa ni thamani, bei au faida? Kitu kilikuwa cha nani kwanza?

Mwanafunzi atakayeweza kuyajibu maswali hayo hatahitaji tena kuuliza kama kipindi ni cha kweli au cha uongo. Atauliza ni sehemu ipi, na imepangwa na nani kwa faida ya nani. Hilo ndilo swali tunalomfundisha kuliuliza kila anapofungua riwaya.