Gari Dogo Lenye Mashine Kali: Matairi Gani Yanatufaa?



Katika mikutano ya matawi yetu hapa Gisenyi, wilaya ya Rubavu, swali la matairi limeulizwa mara nyingi kuliko tulivyotazamia. Zamani mfanyakazi wa kiwanda au wa shamba la chai aliuliza habari za baiskeli. Leo wapo wenzetu waliochanga fedha katika kimina, watatu au wanne pamoja, wakanunua gari kuukuu. Gari hilo huwapeleka kazini zamu ya usiku, hubeba mgonjwa, hubeba maharusi, na Jumapili hupanda hadi Musanze au Kigali. Kununua waliweza. Kinachowashinda ni kulivisha viatu.

Tuchukue mfano wa Volkswagen Golf GTI ya toleo la pili, iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1984. Kwa umbo ni gari dogo, lakini mashine yake ya lita 1.8 ina nguvu za farasi zipatazo 110. Peugeot 205 GTI ni ndugu yake. Magari haya yalitengenezwa kwa ajili ya vijana wa Ulaya wenye haraka, na sasa yamezeeka mikononi mwa watu wasio na haraka, ila mashine haijui hilo. Ukikanyaga mafuta linaruka. Kinacholishika lisiruke nje ya barabara ni vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikigusa lami kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mkono.

Na barabara yetu tunaijua. Kutoka ziwani, mita kama 1,460 juu ya usawa wa bahari, inapanda kupita mita 2,000 tukifika Mukamira, kisha inateremka na kupanda tena, kona juu ya kona, kupitia mteremko wa Buranga hadi Kigali. Mvua nayo haina mzaha. Wanaokaa Nyundo na Mahoko, kando ya mto Sebeya, hawahitaji kuelezwa mvua ni nini tangu Mei 2023. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, breki huhitaji njia ndefu mara nne kulisimamisha gari. Hiyo ni kwenye lami kavu na matairi mazima.

Basi mwenzetu anakwenda kwa muuzaji wa matairi ya okazioni. Anaambiwa: "Mzee, hii ni Ulaya kabisa, Michelin, chukua nne nikupunguzie." Tairi limepakwa dawa nyeusi linang'aa. Bei ni nusu ya tairi jipya. Nani asiyevutwa?

Hapa tunawaomba wasomaji wachukue kalamu. Tairi jipya la gari dogo huwa na meno ya kina cha milimita 8 hivi. Sheria za Ulaya zinataka litupwe likifika milimita 1.6. Kwa hiyo unachonunua hasa katika tairi jipya ni milimita 6.4 za mpira wa kutumia. Wazungu wengi huyavua matairi yakibaki na milimita 3, na hayo ndiyo yanayopakiwa kwenye kontena kuja kwetu. Toa 1.6 katika 3, unabaki na 1.4. Yaani umelipa nusu ya bei ukapata kama moja ya tano ya mali. Baada ya miezi michache utarudi kwa muuzaji yule yule, na atakupokea kwa furaha. Kwa hesabu hiyo tairi la okazioni ndilo ghali kuliko yote sokoni, na anayelipa ghali ni yule mwenye mshahara mdogo.

Kupima si kazi ngumu. Chukua njiti ya kiberiti, itumbukize kati ya meno ya tairi, weka alama kwa ukucha, kisha iweke juu ya rula ya mtoto wa shule. Fanya hivyo katikati na pembeni zote mbili. Muuzaji akikasirika kwa sababu ya njiti, umekwisha pata jibu. Kuna pia wanaochonga meno mapya kwa kisu cha moto katika tairi lililokwisha kuwa kipara. Ukiona sakafu ya mfereji ina mikwaruzo, au nyuzi za ndani zinakaribia kuonekana, ondoka. Hilo si tairi tena.

Halafu usome ubavu wa tairi kama unavyosoma karatasi ya mshahara. Tafuta herufi DOT na mwisho wake tarakimu nne. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama upande mmoja hazipo, geuza, huenda ziko upande wa pili. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo: hukauka, huwa mgumu, na mgumu haushiki lami iliyolowa. Sisi tunashauri tairi lililopita miaka sita lisinunuliwe, na lililofika kumi lisitumike hata kama meno yake yote yamo. Yale yanayoanikwa juani kando ya barabara mwaka mzima huzeeka upesi zaidi.

Alama nyingine ya kujihadhari nayo ni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na ndani yake kipande cha theluji. Mtu wa huku akiuona anadhani wamechora Karisimbi kwa heshima yetu. Sivyo. Ni tairi la majira ya baridi kali, mpira wake ni laini na umejaa mikato midogo midogo. Kwenye lami ya jua la mchana linayeyuka kama sabuni, na katika kona gari linayumba. Matairi hayo huja mengi kutoka Ulaya.

Sasa kipimo. Golf GTI tuliyoitaja ilitoka na matairi ya 185/60 R14 82H. Tafsiri yake: upana milimita 185, kimo cha ubavu asilimia 60 ya upana huo, yaani milimita 111, ringi ya inchi 14, 82 maana yake kila tairi hubeba kilo 475, na H ni mwendo wa hadi kilomita 210 kwa saa. Kaa kwenye kipimo hicho. Namba ya uzito isishuke kabisa. Kikikosekana, 175/65 R14 lina karibu kimo kile kile, tofauti ni kama asilimia moja, na kwa kuwa linavaliwa na magari mengi madogo, kwa kawaida hupatikana kwa bei ya chini. Mara nyingi litakuwa na herufi T, kilomita 190. Kwa mtu anayetii vibao vya barabara zetu, na kamera zake, hiyo inatosha. Anayetaka kushindana katika kona asitafute ushauri kwetu.

Vijana wetu hupenda kuvua ringi za 14 na kuweka za 17 zenye tairi jembamba la 205/40. Ubavu wake ni milimita 82 tu. Shimo moja la barabara ya shamba, au jiwe moja la volkano, ringi inapinda na tairi linatoa uvimbe kama jipu. Linapendeza, hatukatai. Lakini linakula fedha kabla ya kununuliwa na baada yake.

Hivyo tunasema: nunua mapya, ya kipimo cha kiwandani, hata kama jina la mtengenezaji si kubwa. Yapo matairi ya China na India ya bei ya kati yanayofaa. Tazama kama yana herufi E ndani ya duara, alama kwamba yamepimwa kwa kanuni za kimataifa. Kama karatasi ya Ulaya bado imebandikwa, angalia mchoro wa wingu la mvua: tangu 2021 herufi zake ni A hadi E, na A ndiyo bora kwa kushika barabara iliyolowa. Fedha yako iende huko, isiende kwenye upana.

Ni wajibu wa gazeti la chama kusema pia tairi la bei ya chini limepita mikononi mwa nani. Kiwanda cha Nairobi kilichoitwa Firestone East Africa, baadaye Sameer Africa, kilitengeneza matairi ya Yana. Mwaka 2016 kiliacha kutengeneza, wakuu wake wakitaja bidhaa rahisi kutoka ng'ambo, na wafanyakazi wakaenda nyumbani. General Tyre ya Arusha ilikuwa imekwisha simama kabla yake. Na nyuma ya kiwanda yuko mgema wa mpira shambani. Wenzetu wa shamba la Firestone la Liberia, lililoanza mwaka 1926, walipigania chama chao wenyewe, wakapata mkataba wa mwaka 2008 ulioongeza mshahara na kupunguza kiwango cha kazi cha siku. Mchuma chai wa Pfunda anaelewa vizuri kiwango cha siku ni kitu gani. Hatuwezi kumwambia mtu mwenye mshahara mdogo anunue tairi la ghali kwa ajili ya Nairobi. Tunachotaka ni aelewe kwamba bei ile ya chini kuna mtu aliyeilipia.

Juu ya kupata fedha. Msikope kwa wale wa riba ya mtaani wanaoitwa Banque Lambert. Riba ya miezi mitatu inaweza kuzidi tairi lenyewe. Tumieni kimina au SACCO ya sekta. Wenye magari manne wakienda pamoja kwa muuzaji wa Kigali wanauliza bei ya matairi 16, na mtu anayenunua 16 husikilizwa kuliko anayenunua mawili. Mapatano ya pamoja hayaishii mlangoni mwa kiwanda.

Kama fedha inatosha mawili tu, yafungwe nyuma. Wengi hubisha, maana gari hili huvutwa na magurudumu ya mbele na ya mbele ndiyo huisha haraka. Lakini nyuma yake ni nyepesi. Katika mteremko wenye maji, mbele ikiteleza dereva huhisi kwenye usukani na kupunguza mwendo. Nyuma ikiteleza, gari limekwisha geuka kabla hajafikiri. Mawili ya ekseli moja lazima yafanane kwa aina na umri.

Fundi akifunga, adai valvu mpya, na nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hivi. Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi, kila wiki mbili, na la akiba lisisahauliwe. Katika Golf kipimo chake kimebandikwa ndani ya kifuniko cha tundu la petroli. Kofia za valvu ziwepo zote, maana vumbi la njia ya shamba la chai likiingia humo, upepo hutoka polepole usiku kucha.