Tilapia: Samaki ni Mmoja, Maji Si Moja

Mtu anachimba bwawa, analisha tilapia miezi sita, siku ya kuvuna anapata samaki sawa kidole. Anasema mbegu ilikuwa mbaya. Mara nyingi mbegu haina kosa. Tujue kwanza namna samaki huyu anazaa.

Mama anabeba mayai mdomoni

Dume anachimba shimo la mviringo chini ya bwawa, kama sahani. Jike anataga humo, kisha anaokota mayai kwa kinywa na kuyatunza mdomoni siku kumi mpaka wiki mbili. Hata watoto wakianza kuogelea, hatari ikija wanakimbilia mdomoni mwa mama. Ndiyo maana wengi wanapona. Na jike anaweza kuanza kuzaa akiwa na miezi mitatu tu, bado mdogo.

Walikale: wanazaa kupita kiasi

Kule porini, upande wa mto Lowa, maji iko na joto. Tilapia anazaa tena na tena, bwawa linajaa, chakula hakitoshi, wote wanadumaa. Ni vilevile kwa bwawa lililoachwa wakati watu walikimbia vita. Fanyeni hivi:

- Wekeni samaki wawili kwa metre moja ya mraba, wa ukubwa mmoja.
- Kisha miezi tano ao sita, toeni maji yote, vuneni wote, mukaushe matope mbele ya kuanza tena.
- Kama munaweza, fugeni madume peke yao; wanakomaa haraka. Samaki akifika gramu 30 hivi, geuzeni tumbo lake: dume ana matundu mawili, jike matatu.

Masisi: baridi inawachelewesha

Milima ya Masisi inapita metre 2 000. Maji ikishuka chini ya digri 20 hivi, tilapia haendelei kuzaa. Baridi ikizidi, anaacha hata kula. Huku musivune kwa kalenda ya Walikale. Ngojeeni miezi zaidi.

- Chimbeni pahali jua linapiga, mbali na kivuli cha miti, kina cha metre moja hivi.
- Musiache maji ya mto ipite bwawani usiku na mchana: inaleta baridi na kubeba mbolea. Ongezeni tu ile iliyopunguka.
- Tieni mbolea ya ng'ombe mpaka maji iwe kijani. Ingiza mkono: kiganja kikipotea maji ikifika kwenye kiwiko, inatosha. Kikipotea mbele ya hapo, simamisha mbolea.

Walikale watoto wa samaki wanazidi, Masisi wanakosekana. Barabara ikiruhusu, koperative zetu zinaweza kuuziana. Kwanza, kila mmoja aandike siku aliweka samaki bwawani, na hesabu yao. Bila daftari hiyo, tutaendelea kushitaki mbegu.